Mshika Manila Naye Aseme

Ndugu msomaji, kama umepita chuo kikuu chochote hapa Tanzania, picha hii unaijua. Siku ya prezentesheni imefika. Kundi la watu wanane linaitwa mbele. Saba wanajipanga mstari mmoja kama kwaya ya mtaani, mashati yamepigwa pasi, tai za kuazima, mikono nyuma. Wa nane, ambaye tangu chekechea kasoma shule za mtakatifu huyu na mtakatifu yule, anasogea hatua moja na kuanza kutema ung'eng'e. Anatema dakika kumi. Wale saba wanatikisa vichwa kukubali, hata pale ambapo hawakuelewa. Mwisho makofi, mhadhiri anaandika alama moja ya kundi zima, kundi linalofuata linapanda. Wale saba wamesema nini? Majina yao na namba za usajili, basi.

Mmoja wa wale saba nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kushika manila.

Sasa nisingepoteza wino wa jarida hili kwa sababu tu mkono wangu uliuma. Naandika kwa ajili ya jamaa aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya manila ile. Alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Karagwe. Mada yetu ilikuwa bei ya mazao na umaskini wa mkulima. Usiku wa kuandaa, chumbani, jamaa alitueleza habari ya butura: namna mkulima anavyouza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mama yuko hospitali. Alieleza kwa Kiswahili, saa nzima, na mifano ya jirani zake na hesabu za gunia kwa gunia. Tulisahau hata kwenda kula. Yule dada yetu msemaji aliandika, akatafsiri, kesho yake akasema.

Basi mhadhiri akauliza swali moja tu: kwa nini mkulima akubali kuuza hasara wakati anajua bei ya msimu? Dada akageuka nyuma. Hakujua, butura aliisikia usiku uliotangulia. Jamaa akakohoa, akasogea mbele na manila yake mkononi, akafungua mdomo. Yakatoka maneno kama tisa ya Kiingereza, vitenzi vimepinda. Nyuma kukazuka kicheko. Mhadhiri akatazama saa, akasema asante, muda umekwisha.

Miaka mitatu ya chuo, hayo ndiyo maneno pekee ya Kiingereza niliyomsikia akisema mbele ya watu. Mtu pekee ndani ya ukumbi ule aliyekuwa na jibu alirudi kukaa nalo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kuipiga ajue pa kupiga. Somo la Kiingereza cha kusema vyuoni mwetu, hili linaloitwa Stadi za Mawasiliano na majina mengine ya aina hiyo, halifundishi kusema. Linapima nani alishafundishwa kabla hajafika, halafu linampa alama. Prezentesheni na mdahalo ni njia nzuri, pengine hakuna inayozipita. Lakini sisi tumezigeuza mizani. Na mizani, hata uisimamie mwaka mzima, haiongezi gunia hata kilo moja.

Nawajua watakaonirukia. Wa kwanza ni wale wa "acheni kulialia." Watasema dunia inasema Kiingereza, usaili wa kazi ni Kiingereza, asiyeweza ajilaumu mwenyewe. Wa pili ni ndugu zangu wa Kiswahili, ambao kwa kawaida niko upande wao. Watasema: mbona unahangaika kukiokoa Kiingereza? Tufundishe kwa Kiswahili hadi chuo kikuu, na kicheko kile kitakufa chenyewe.

Nitawajibu wote wawili, lakini kwanza tukumbushane tumefikaje hapa.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mtoto anasoma hesabu, sayansi na jiografia kwa lugha anayoota nayo ndoto. Halafu siku moja ya Januari anavaa sare ya kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza ugeuzi huo ukomeshwe: Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili, Criper na Dodd, kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walichokuta ni aibu: katika kidato cha nne, kama asilimia 10 tu walikuwa na kiwango cha kutosha kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Kuanza, si kumaliza! Na kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa, chini ya asilimia 20 ndio ambao wangesoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao.

Dawa ikawa nini? Mwaka 1987 ukaanzishwa mradi kwa msaada wa Uingereza, na kazi yake kubwa ikawa kupeleka sekondari vitabu vya hadithi vya kujisomea. Silaumu vitabu, sisi wa jarida hili tutalaumu vipi vitabu? Lakini angalia: kila tiba iliyoletwa ilikuwa ya macho na ya mkono. Soma, nakili, jaza nafasi zilizoachwa wazi. Mdomo hakuna aliyeuletea mradi. Mwanafunzi anafanya kidato cha kwanza hadi cha sita akiwa bubu wa Kiingereza, anafaulu kwa kukariri, anafika chuo, na wiki ya nane ya muhula wa kwanza anaambiwa: haya, panda jukwaani, dakika kumi, alama kumi na tano.

Huko ni kumtupa mtu baharini pale Feri na kumpa alama kwa namna anavyozama.

Sasa niwajibu wale wa "acheni kulialia." Mimi nakitaka Kiingereza. Nakitaka sana, tena kile cha juu: cha kubishana, cha kumkatiza mtu kwa adabu, cha kukubali nusu ya hoja na kuivunja nusu nyingine, cha kusema "hapana, hukunielewa" bila kutetemeka. Nakitaka kwa sababu mikataba ya madini na gesi hujadiliwa kwa lugha hiyo, na sitaki tuwe na wanasheria wanaotikisa kichwa kukubali wasichokielewa, kama wale saba wa manila. Ndiyo maana nakasirika. Anayeridhika na prezentesheni zetu za sasa ndiye asiyekitaka Kiingereza. Anataka wachache wakijue, wengine wawapigie makofi.

Nanyi ndugu zangu wa Kiswahili, siwapingi. Sera iliyozinduliwa Februari 2015 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Mlango ulifunguliwa, wapitaji hatukuwaona. Mkiendelea kuupigania mimi nimo. Lakini jamaa wa Karagwe hangeweza kusubiri, na aliyeingia mwaka wa kwanza juzi naye hawezi. Yuko darasani leo. Na hata siku Kiswahili kitakapokaa kwenye kiti chake, Kiingereza kitabaki kuwa somo, na somo lazima lifundishwe vizuri. Afadhali tuanze sasa kujua linafundishwaje.

Ati mdahalo ni kitu kigeni kwetu? La hasha. Hapa Bongo watu hubishana tangu alfajiri. Pita kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga. Utasikia hoja, ushahidi, kumbukumbu za msimu wa mwaka gani, mtu anakamatwa kwa maneno yake mwenyewe ya wiki iliyopita, kicheko, hoja mpya. Hakuna anayesoma kwenye karatasi. Bunge letu, ambako Mwalimu Nyerere alihutubia kwa Kiswahili mwaka 1962 akiwa Rais mpya wa Jamhuri, linabishana kwa Kiswahili hadi leo. Ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala ni nini kama si mdahalo wa vina na mizani? Shule ya msingi tulisimama tukabishana kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, na mtoto wa darasa la tano alikuwa tayari kupasuka mishipa ya shingo kutetea kijiji ambacho hajawahi kukiona.

Mtoto huyohuyo mpeleke sekondari, mwambie afanye dibeti kwa Kiingereza. Unajua kitakachotokea. Atamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, majaji, walimu na wanafunzi wenzake, salamu ndefu aliyoikariri kama sala. Halafu pointi moja. Halafu atasema kwa hayo machache anaunga mkono, na atakaa. Salamu imekula dakika, hoja imekula sekunde. Ule moto wa darasa la tano umekwenda wapi? Haukwenda mahali. Upo tumboni, umekosa mlango wa kutokea.

Kwa hiyo mwalimu wa chuo hapokei watu wasiojua kubishana. Anapokea mabingwa wa kubishana ambao lugha imewafunga. Kazi yake ni kuufungua mlango. Tatizo ni kwamba anachukulia kuwa tumboni hamna kitu.

Mwaka 1970, pale Makerere, Ali Mazrui na Walter Rodney walikaa jukwaa moja kubishana juu ya Afrika na ubeberu. Mazrui mtoto wa Mombasa, aliyekuwa amepitia Oxford. Rodney mtoto wa Guyana, wakati huo akifundisha Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, 1972, Rodney akatoa kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoifukarisha Afrika, kilichochapishwa London na hapa kwetu na Tanzania Publishing House. Watu wamekuwa wakiusimulia mdahalo ule kwa zaidi ya nusu karne. Je, umewahi kumsikia yeyote akisimulia lafudhi zao? Mmoja alikuwa na ya Waswahili iliyopita Uingereza, mwingine ya visiwa na pwani za Karibi. Kinachosimuliwa ni hoja. Na wale vijana wa Mlimani waliokuwa wakitoa gazeti lao la Cheche mwaka 1969 na 1970, hadi likapigwa marufuku, hawakuwa na Kiingereza cha malkia. Walikuwa na jambo la kusema, na jambo lile likawalazimisha watafute maneno.

Huo ndio utaratibu wenyewe, jamani. Jambo kwanza, maneno yanafuata. Sisi tunadai maneno kwanza, tena yenye lafudhi nzuri, jambo litajijua.

Tukitaka mfano wa sheria za mchezo, upo. Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Vyuo Vikuu yalianza Glasgow mwaka 1981. Afrika yamefika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019. Wanavyofanya ni hivi: timu nne za watu wawiliwawili, mbili zinatetea hoja, mbili zinapinga. Upande huchagui, unapangiwa. Hoja inatajwa dakika 15 kabla ya kuanza. Kila mtu anasema dakika 7, na dakika ya kwanza ikishapita, wapinzani wanaruhusiwa kusimama kumuuliza swali katikati ya maneno yake, mpaka ibaki dakika ya mwisho. Sasa niambie, katika utaratibu huo utakariri nini? Utasoma karatasi gani? Nani atasimama nyuma ameshika manila?

Tena mashindano hayo yana fainali za pembeni kwa wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au ya kigeni, na majaji wanaelekezwa wapime hoja, si lafudhi. Yaani wenye mchezo wao, waliouanzishia Scotland, wameshakubali kwamba lafudhi si akili. Sisi wa Ubungo bado tunabisha!

Haya, kulalamika kumetosha. Nitasema ninachotaka kifanyike, maana najua kuna mhadhiri anasoma hapa na keshashika kalamu nyekundu.

Kwanza, hesabu. Chukua darasa la watu 400, si jambo la ajabu siku hizi. Makundi ya watu wanane yatakuwa 50. Kila kundi dakika 10, jumla dakika 500, zaidi ya saa nane za ukumbi. Katika saa nane hizo wamesema watu 50. Waliobaki 350 hawajasema kitu, ila wamesikiliza na kusinzia. Halafu tunaambiwa madarasa ni makubwa mno, kufundisha kusema haiwezekani. Bwana, kinachoshindikana ni huo utaratibu.

Lipo zoezi aliloliandika Keith Maurice mwaka 1983, na Paul Nation wa New Zealand akaja kulipima na kulitangaza. Ni rahisi hadi unaona aibu. Watu wanakaa wawiliwawili. Mmoja anaeleza jambo analolijua kwa dakika 4. Anahama, anamweleza mwingine jambo lilelile kwa dakika 3. Anahama tena, mtu wa tatu, dakika 2. Mara ya kwanza anajikwaa, mara ya pili anajua pa kukanyaga, mara ya tatu anatiririka. Halafu wanabadilishana zamu. Piga hesabu: dakika 9 kwa mmoja na 9 kwa mwenzake, 18. Weka mbili tatu za kuhamahama. Ndani ya nusu saa watu 400 wote wamesema Kiingereza, kila mmoja dakika 9. Kelele zitakuwepo, tena nyingi. Hiyo ndiyo sauti ya somo la kusema. Darasa la kusema lenye kimya kama maktaba lina ugonjwa.

Pili, maandalizi ya hoja yaruhusiwe kwa Kiswahili. Hapa ndipo wengi watanipigia kelele: Kiswahili ndani ya somo la Kiingereza? Ndiyo. Jamaa wa Karagwe alikuwa na hoja kamili saa nne ya usiku, kwa Kiswahili. Alichokosa ni saa moja ya kuivusha, pamoja na mwalimu wa kumwambia: hapa sema hivi, neno hili la Kiingereza ndilo linalobeba butura, na kama hakuna, sema butura kisha uieleze. Asiyepewa nafasi ya kufikiri kwa lugha yake analazimika kufikiri mawazo madogo, yale yanayoenea kwenye msamiati wake wa kidato cha pili. Mtu mzima wa miaka ishirini na mbili anasimama mbele kusema kwamba maji ni muhimu kwa maisha ya binadamu. Si kwamba hajui zaidi ya hapo. Ni kwamba hapo ndipo Kiingereza chake kinapoishia, na hakuna aliyemwonyesha njia ya kusogea mbele.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitembea njia hiyo, ila kwa upande wa pili. Alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kwa nini vyuo visianzie hapo? Chukua ile hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Kaisari, mtu anayejifanya hapingi huku anaugeuza umati wote. Isomwe kwa Kiswahili cha Nyerere, watu waone hoja imejengwaje, wapi anasifu kumbe anachoma. Halafu isomwe kwa Kiingereza. Halafu kila mmoja asimame amtetee Brutus kwa maneno yake. Kuna sanaa ya kushawishi pale ambayo haiji kwa kukariri karatasi za mwaka juzi.

Tatu, alama zihamie kwenye maswali. Hotuba unaweza kuandikiwa na mwenzako, siku hizi hata na kompyuta, na ukaikariri kama mashairi ya mtihani. Swali la papo kwa papo huwezi kuandikiwa. Basi kama alama ni 15, weka 5 kwa hotuba na 10 kwa kujibu na kuuliza. Utaona wale saba wa nyuma watakavyoanza kuifahamu mada yao. Na kila mtu ajibu mwenyewe, kwa alama yake mwenyewe. Alama ya kundi ndiyo iliyozaa washika manila.

Nne, mdahalo uleule urudiwe wiki inayofuata, pande zimebadilishwa. Aliyepinga atetee. Mara ya kwanza mtu anapigana na lugha, mara ya pili ana maneno tayari, ndipo anaanza kupigana na hoja. Sisi tunafanya mara moja kwa muhula halafu tunasema tumefundisha. Hata fundi baiskeli hajifunzi kuziba pancha kwa kuziba moja.

Tano, makosa yasahihishwe mtu akishamaliza, si anapokuwa katikati. Yachaguliwe mawili matatu yanayoharibu maana, mengine yaachwe. Na anayecheka apandishwe jukwaani papo hapo aendeleze hoja pale alipoishia mwenzake. Sheria hii ikitumika mara mbili, kicheko kitahama ukumbi.

Sita, mada ziwe zetu. Nimechoka na midahalo ya kama televisheni ina faida au hasara. Tujadili kama mkopo wa elimu ya juu unamnyanyua mtoto wa mkulima au unamfunga. Tujadili bodaboda waondolewe katikati ya jiji au wabaki. Tujadili hilohilo la Kiingereza na Kiswahili, tena kwa Kiingereza, ili wale wa pande zote watoke jasho. Mtu akiguswa atasema. Asipoguswa atasalimu tu mwenyekiti na katibu.

Najua jibu la wahadhiri: tumechoka, tuko wachache, mishahara unaijua. Nawasikia, na wengine wenu mlinifundisha vizuri sana mambo mengine. Lakini katika haya sita, lipi linahitaji fedha? Manila zenyewe tunanunua wenyewe. Ninachodai ni kugeuza mpango wa saa zilezile mlizonazo. Kama mtaendelea na utaratibu wa zamani, basi fanyeni uungwana mmoja: ondoeni alama. Msimtoze mtu kodi ya bidhaa ambayo hamkumuuzia.

Nimebakiza neno kwetu sisi, tunaoandika. Utaniuliza, habari hizi za midahalo zinaliingiaje jarida la fasihi? Zinaingia sana. Nimesoma insha zinazoletwa hapa, na zangu zimo. Nyingi zina ugonjwa uleule wa prezentesheni. Tunaanza na salamu ndefu, tunawanukuu wakubwa watatu, tunajipanga nyuma yao kama kwaya na kushika manila. Hoja yetu wenyewe tunaiacha chumbani usiku. Tunaogopa kicheko. Wengine hatujawahi hata mara moja kusema jambo mbele ya mtu anayelipinga, tukalazimika kulitetea hapohapo kwa lugha yoyote ile. Mwandishi wa namna hiyo akiandika hadithi, wahusika wake wote watakubaliana naye. Mabishano ya kwenye tamthilia yake yatakuwa mtu mmoja anajisemesha kwa sauti mbili.

Kwa hiyo tusisubiri vyuo. Tuko wachache lakini tunakutana. Badala ya kila mara kusomeana mashairi na kupigiana makofi, Jumamosi moja kwa mwezi tuweke hoja mezani. Saa ya kwanza kwa Kiswahili, saa ya pili hoja ileile kwa Kiingereza, pande zimebadilishwa. Hakuna karatasi, hakuna suti, hakuna msemaji wa kundi. Kila aliyekuja atasema, akijikwaa tunamsubiri. Chai na maandazi tutachanga.

Jamaa wa Karagwe tulikutana tena mwaka jana kituo cha mabasi Mbezi, akisubiri gari la kwao. Amefanya usaili mara tatu. Mara zote, anasema, maswali aliyajua. Nilimwuliza ilikuwaje. Akacheka kidogo, akasema: "Ndugu yangu, we si ulikuwepo siku ile? Basi ndo hivyohivyo." Basi lilipofika alinipa mkono, akapanda.

Natamani angekuwepo hiyo Jumamosi ya kwanza, atueleze tena habari ya butura, mara mbili, kwa lugha zote mbili. Atakayepinga niliyoyasema aandike, au aje aseme. Mimi manila nimeshaiweka chini.